Fedha na Hatima ya Klabu Ndogo: Soka la Rubavu na Mashabiki Wake

Wilaya ya Rubavu, iliyoko kaskazini-magharibi mwa Rwanda kwenye ufuko wa Ziwa Kivu na inayopakana na mji wa Goma nchini Kongo, inampa mchunguzi wa uchumi wa soka nafasi ambayo ni nadra kuipata kwingine. Ndani yake mna klabu mbili ambazo kwa miaka mingi zimeshiriki ligi kuu ya Rwanda, Etincelles FC na Marines FC, zinazochezea uwanja mmoja wa Umuganda, zinazotafuta mashabiki katika mitaa ile ile ya mji wa Gisenyi na katika tarafa zinazouzunguka, kama vile Rugerero, na zinazokabiliwa na mpaka ule ule, mvua zile zile na bei zile zile za sokoni. Hata hivyo klabu hizo zinaishi kwa fedha za asili mbili tofauti: Etincelles imetegemea kwa muda mrefu bajeti ya wilaya, ilhali Marines ni timu ya jeshi. Kwa kuwa mazingira mengine yote yanafanana, tofauti ya chanzo cha fedha inajitokeza waziwazi, na kupitia kwayo swali pana linaweza kuchunguzwa, yaani namna fedha zinavyoamua hatima ya klabu ndogo na ya watu wanaozipenda.

Klabu ndogo, kwa maana itakayotumika hapa, si klabu yenye wachezaji dhaifu, bali ni ile ambayo mapato yake yenyewe, yaani viingilio, mauzo ya wachezaji na udhamini ilioutafuta kwa jina lake, hayatoshi kulipa mishahara ya msimu mmoja, hivyo ikalazimika kuishi kwa hisani ya chombo kingine. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba klabu za namna hiyo huteseka kwa sababu fedha ni chache. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayaelezi ni kwa nini baadhi ya klabu zenye fedha nyingi zimekufa huku nyingine zenye kidogo zikidumu. Hoja inayotetewa katika uchambuzi huu ni kwamba uchache wa fedha huidhoofisha klabu, lakini kinachoiua ni kutegemea mfuko mmoja ambao maamuzi yake hufanywa na watu wasiohusika na mpira, kwa sababu zisizohusiana na mpira. Na kwamba shabiki, ambaye ndiye pekee anayebaki pale wafadhili wanapoondoka, ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika mpangilio huo.

Ligi ya wachache

Hali ya klabu za Rubavu haiwezi kueleweka bila kutazama ligi zinamocheza. Tangu mwaka 1995 hadi 2025 ubingwa wa Rwanda umechukuliwa na klabu tatu tu: APR FC, timu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1968 na ambayo ina mashabiki wengi kuliko klabu nyingine yoyote nchini, na ATRACO FC, iliyotwaa taji mara moja mwaka 2008. Kuanzia 2020 hadi 2025 APR imelichukua taji hilo kila msimu. Klabu ya mkoani inapoingia katika ligi ya aina hii haishindanii ubingwa, bali inashindania kubaki. Lengo la kubaki lina uchumi wake, kwa kuwa halileti zawadi kubwa, halifungui mlango wa mashindano ya Afrika, na humfanya kiongozi asajili wachezaji wa kuziba mapengo ya miezi michache badala ya kulea vijana watakaoiva baada ya miaka mitano.

Kati ya mabingwa hao watatu, ATRACO ndiyo yenye somo kubwa zaidi kwa klabu ndogo. Ilikuwa timu ya chama cha wenye magari ya abiria, ikapata fedha za kutosha kushinda ligi mwaka 2008 na Kombe la Kagame, yaani kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2009, lakini miaka michache baadaye ilivunjwa. Haikuanguka kwa kukosa vipaji wala mataji. Ilikuwa na mhimili mmoja tu, na haikuwa imejenga umati wa mashabiki ambao wangeirithi klabu pindi mhimili huo ulipoondolewa.

Mfuko wa wilaya

Wilaya nyingi za Rwanda zimekuwa zikifadhili timu: Musanze, Huye, Bugesera na nyinginezo, pamoja na jiji la Kigali kupitia AS Kigali, zimetenga sehemu ya bajeti zao kwa ajili ya klabu zinazobeba fahari ya eneo. Mfumo huu umefanya kazi ambayo haistahili kubezwa. Pasipo huo, soka la daraja la juu lingekuwa limehamia Kigali lote, na mtoto wa Rugerero asingepata kuiona ligi kuu ikichezwa karibu na nyumbani kwao. Fedha ya umma imekuwa, kwa maana hiyo, njia ya kugawa furaha ya mpira kwa usawa kidogo zaidi kuliko soko ambavyo lingeigawa.

Tatizo lake liko katika namna inavyotoka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, bajeti hupitishwa na baraza la wilaya, na fedha hutolewa kwa awamu kwa kufuata taratibu za matumizi ya umma, wakati mchezaji anahitaji mshahara wake kila mwisho wa mwezi na dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho kanuni huruhusu klabu kusajili, hufungwa bila kumsubiri mhasibu yeyote. Klabu inayosubiri awamu ya fedha husajili ikiwa imechelewa, hupata wachezaji walioachwa na wengine, na hukopa ili kusafiri. Malalamiko ya mishahara kuchelewa, ambayo husikika mara kwa mara katika klabu zinazofadhiliwa na wilaya, si lazima yawe ushahidi wa ubaya wa viongozi. Mara nyingi ni matokeo ya kalenda mbili zisizolingana.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu haki ya mpira kudai chochote pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa Kongo, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliusababisha mto Sebeya kuvunja kingo zake, Rugerero ikiwa miongoni mwa tarafa zilizoumia, katika maafa yaliyoua zaidi ya watu 130 katika mikoa kadhaa ya nchi. Wilaya inayojenga upya nyumba, shule na madaraja haiwezi kulaumiwa ikiiweka timu nyuma ya waathirika. Kinachopaswa kulaumiwa ni mpangilio unaoilazimisha timu kushindana na waathirika hao, kwa kuwa klabu ambayo uhai wake unapingana na mahitaji ya majirani zake haiwezi kushinda shindano hilo, wala haistahili kulishinda.

Ni muhimu pia kutofautisha fedha ya kujenga na fedha ya kuendesha. Rwanda ilipoandaa Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, yajulikanayo kama CHAN, mnamo Januari na Februari 2016, uwanja wa Umuganda uliboreshwa na kupokea mechi za kundi lililokuwa na Uganda, Mali, Zambia na Zimbabwe. Uwanja huo wenye nafasi ya watazamaji wapatao 5,000 ukabaki kuwa rasilimali ya kudumu ya wilaya. Lakini timu zinazoutumia hazikubadilika hali kwa sababu hiyo, kwa kuwa uwanja mzuri haulipi mishahara wala nauli, na fedha ya tukio moja, hata iwe kubwa kiasi gani, haitatui upungufu unaojirudia kila mwezi.

Timu za taasisi na za kampuni

Marines FC inaonyesha upande wa pili. Timu ya taasisi ina uhakika ambao timu ya wilaya haina: ina mlezi wa kudumu, nidhamu ya uendeshaji, na si rahisi kusikia kwamba wachezaji wake wamegoma. Afrika Mashariki yote imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya timu za namna hii, za majeshi, polisi, mamlaka za mapato na halmashauri za miji, na ni kwa sababu yazo wachezaji wengi wamepata ajira baada ya kustaafu. Gharama yake huonekana majukwaani. Timu ambayo uhai wake haumtegemei shabiki haina sababu ya kumtafuta, na shabiki naye, akijua kwamba timu itakuwepo awe amekwenda au hakwenda, hana sababu ya kujiona mwenye mali. Ndiyo maana timu yenye utulivu zaidi wa fedha si lazima iwe ndiyo inayotajwa zaidi vijiweni.

Utulivu huo pia una mipaka yake taasisi mlezi inapokuwa kampuni. Nchini Kenya, SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 2006, ilifukuzwa ligi kuu mnamo Novemba 2019 baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu kwa kukosa fedha. Kiwanda kilipoyumba, timu iliyumba nacho, na mashabiki wa Awendo, kiliko kiwanda hicho, wakapoteza klabu kwa sababu ya matatizo ya sekta ya sukari ambayo hakuna goli lolote lingeweza kuyatatua.

Udhamini na televisheni

Chanzo cha tatu ni udhamini wa ligi pamoja na haki za matangazo, yaani malipo ambayo kituo cha televisheni hutoa ili kuonyesha mechi. Kwa Rubavu chanzo hiki kina ukaribu wa pekee, kwa kuwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, kiko ndani ya wilaya hiyo, na kwa misimu kadhaa ligi kuu imebeba jina la bia yake ya Primus. Hata hivyo fedha za mdhamini wa ligi hupitia Kigali kabla ya kugawanywa kwa klabu zote, hivyo ukaribu wa kiwanda haukuipa klabu ya Gisenyi upendeleo wowote. Mwaka 2015 Azam TV iliingia mkataba na ligi ikachukua jina lake, kisha jina hilo nalo likaondoka kabla ya miaka mitano kutimia, na klabu zilizokuwa zimeanza kupanga matumizi yao kwa kutegemea mgao huo zikalazimika kupanga upya.

Uzoefu wa majirani unaonyesha kwamba tatizo si udhamini wenyewe, bali upana na urefu wake. Tanzania ilitia saini na Azam Media, mwaka 2021, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na muda huo mrefu umeziwezesha hata klabu za mikoani kujua mapema kiasi fulani cha mapato yao, ingawa pengo kati yao na Simba na Yanga, zenye matajiri nyuma yao, limebaki kuwa kubwa. Kenya ilipita njia nyingine. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa imeshika ligi na klabu kubwa kwa wakati mmoja, na ilipositisha udhamini wake Januari 2018 baada ya kodi ya kamari kupandishwa hadi asilimia 35, na tena mwaka 2019 katika mgogoro wake na serikali, soka zima liliyumba kwa pigo moja. Mzozo ulikuwa wa kodi na leseni; walioulipia ni wachezaji na mashabiki.

Mlangoni na mpakani

Viingilio ndiyo fedha pekee ambayo shabiki huitoa moja kwa moja, na kwa klabu ya Rubavu hutegemea mambo mawili. La kwanza ni ratiba. Siku Rayon Sports au APR inapokuja Umuganda, uwanja hujaa, na klabu mwenyeji hukusanya katika jioni moja kiasi ambacho mechi nyingi za kawaida haziwezi kukifikia, ingawa sehemu kubwa ya umati huo imekuja kumshangilia mgeni. Hivyo mapato makubwa ya mwaka huja katika siku ambazo uwanja wa nyumbani haufanani na nyumbani.

La pili ni mpaka. Kabla ya mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wadogo wanaobeba nyanya, maziwa, nguo na samaki, na kipato chao ndicho kilichonunua tiketi. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mwishoni mwa Januari 2025 vita vya kuigombea Goma vilipofika hadi mpakani na makombora kuangukia Rubavu, familia nyingi zilikosa riziki yenyewe, sembuse kiingilio. Klabu ya mpakani hubeba hatari ambayo klabu ya Kigali haiijui, na hakuna kanuni ya mgao wa ligi inayoizingatia.

Kuna pia ushindani wa mapenzi. Shabiki wa Gisenyi anayelipa fedha kidogo kuitazama Arsenal katika kibanda cha kuonyesha mpira hupata burudani ya kiwango cha juu, kiti chini ya paa, na jamii ya wenzake wanaobishana naye juma zima. Mei 2018 ilitangazwa kwamba shati la Arsenal lingekuwa na maneno Visit Rwanda kwenye mkono wake, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 30 kwa miaka mitatu ya mwanzo, ukafuatwa na ule wa Paris Saint-Germain mwaka 2019 na wa Bayern Munich mwaka 2023. Wanaoitetea mikataba hiyo husema, kwa haki, kwamba fedha hizo ni za kutangaza utalii na si za soka, na kwamba zinapaswa kupimwa kwa idadi ya wageni na mapato wanayoyaacha. Wanaoikosoa huuliza, kwa haki vilevile, ni nini kinabaki kwa mpira wa nyumbani pindi jina la nchi linapong'ara katika viwanja vya mbali. Hoja hizi mbili hazipingani mtu akikubali kwamba utalii wa Rwanda tayari una kanuni ambayo soka lake bado halina, na kanuni hiyo itajadiliwa hapa chini.

Vijana kama mali

Klabu ndogo huzalisha kitu kimoja ambacho klabu kubwa zinakihitaji, nacho ni mchezaji. Haruna Niyonzima, aliyezaliwa Gisenyi mwaka 1990, alianzia Etincelles, akahamia Rayon Sports, kisha APR, na mwaka 2011 akajiunga na Yanga ya Dar es Salaam, ambako alicheza miaka sita kabla ya kwenda Simba. Ni safari inayowatia moyo vijana wote wa ufuko wa Kivu, lakini pia inaonyesha mahali thamani inapopotea: hatua za mwanzo, ambazo ni za ndani ya nchi, ndizo zinazoiacha klabu mlezi na kidogo, na hatua ya kuvuka mpaka, yenye fedha zaidi, hufanywa na klabu ya tatu au ya nne.

Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, limeweka mifumo miwili ya kurekebisha hali hiyo. Wa kwanza ni fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa au anapohama kimataifa kabla ya kumalizika kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Wa pili ni mchango wa mshikamano, ambao hukata asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa na kuigawa kwa klabu zilizomlea mchezaji: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, ambacho hutegemea kumbukumbu za usajili wa kila mchezaji zilizohifadhiwa na shirikisho la nchi yake. Kwa klabu ya mkoani maana yake ni kwamba karatasi ya usajili wa kijana wa miaka 13 ni hati ya mali, na timu ya watoto ya Rugerero isiyosajiliwa popote haina haki yoyote, hata kama kocha wake ndiye aliyemfundisha nyota wa kesho kupiga pasi ya kwanza. Isitoshe, mifumo hiyo haikuwekwa kwa ajili ya uhamisho unaohusu klabu za nchi moja pekee, na kutoka Gisenyi kwenda Kigali ndiko vipaji vingi vinakokwenda.

Njia zinazowezekana

Rwanda ina kanuni moja iliyokwisha kujaribiwa nje ya soka. Tangu 2005 sehemu ya mapato ya hifadhi za taifa hurudishwa kwa jamii zinazoishi kando yake, mwanzoni asilimia 5, na tangu 2017 asilimia 10, na Rubavu, ikiwa miongoni mwa wilaya nne zinazopakana na Hifadhi ya Volkano, ni mnufaika. Msingi wake ni kwamba anayeishi na rasilimali na kuitunza anastahili sehemu ya thamani yake hata inapouziwa mtu wa mbali. Hakuna sababu ya msingi huo kutohusu mpira: shirikisho la soka la Rwanda linaweza kuweka kiwango cha lazima kinachorudi kwa klabu na timu za watoto zilizomlea mchezaji kila anapohama ndani ya nchi, na sehemu ndogo ya mikataba inayotumia soka kutangaza nchi inaweza kuelekezwa kwenye kumbukumbu za usajili, makocha wa watoto na viwanja vya tarafa.

Kwa upande wa umiliki, Ujerumani imedumisha kanuni inayoacha zaidi ya nusu ya kura za klabu mikononi mwa wanachama wake, huku Uingereza, iliyoacha klabu zinunuliwe kwa uhuru mkubwa, iliishuhudia Bury FC, iliyokuwa katika mfumo wa ligi tangu 1894, ikifukuzwa Agosti 2019 kwa matatizo ya kifedha ya mmiliki mmoja. Mfano wa nyumbani nao unatoa funzo la tahadhari. Rayon Sports imethibitisha kwamba vikundi vya mashabiki wa Rwanda huweza kuchangia timu yao kwa moyo, lakini mwaka 2020 mvutano wa uongozi ulifika mahali ambapo Bodi ya Utawala ya Rwanda ililazimika kuingilia kati na kuiondoa kamati iliyokuwa madarakani. Michango isiyoambatana na hesabu zilizo wazi huzaa ugomvi, na mashabiki waliokwisha kuvunjwa moyo mara moja huchukua muda mrefu kufungua tena mikoba yao.

Kutokana na hayo, klabu ya wilaya kama Etincelles haihitaji kwanza tajiri mmoja wa kuiokoa, kwa kuwa tajiri mmoja ni mfuko mmoja mwingine. Inahitaji fedha ya wilaya iliyoahidiwa kwa miaka mitatu kwa kiasi kidogo kinachojulikana, badala ya kiasi kikubwa kinachoombwa upya kila Juni. Wadhamini wadogo wengi wa hapo hapo, kuanzia viwanda vya chai na hoteli za ufukweni hadi vyama vya waendesha pikipiki. Wanachama wanaolipa ada ndogo na kupewa hesabu na kura. Na haki ya kudumu juu ya kila mtoto inayemlea. Kila kimoja kati ya vyanzo hivyo ni kidogo, lakini kimoja kikikatika vingine hubaki. Serikali za mitaa, shirikisho na wadhamini wana uwezo wa kuanzisha mpango huo sasa, na msingi wake uwe kumtambua shabiki wa Rubavu kisheria kuwa mmoja wa wenye klabu, kwa sababu ndiye aliyeendelea kwenda Umuganda baada ya volkano, baada ya mafuriko na baada ya mpaka kufungwa, wakati vyanzo vingine vyote vya fedha vilikuwa na sababu nzuri ya kuondoka.